Namna ya Kusoma Presha ya Jicho Pamoja na Presha ya Damu

Jina ndilo linalotupotosha. Presha ya macho si damu iliyopanda hadi machoni, bali ni msukumo wa majimaji yanayotengenezwa ndani ya jicho na kutoka kupitia vichujio vidogo vilivyo pembeni mwa konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho. Vichujio hivyo vikizidiwa, presha hupanda, hata kama presha ya damu mkononi ni 120/80. Kwa wastani, presha ya damu ikiongezeka kwa milimita 10 za zebaki, ile ya jicho huongezeka kwa sehemu ndogo tu ya milimita moja. Kwa hiyo kipimo kimoja hakiwezi kukisiwa kutokana na kingine.

Unapopimwa, omba uandikiwe namba ya kila jicho pamoja na saa ya kipimo, kwa kuwa presha ya jicho hubadilika mchana na usiku. Kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Usibane pumzi wala kufunga kola kwa nguvu, na uliza unene wa konea yako, maana konea nene huonyesha namba kubwa kuliko ilivyo kweli na nyembamba huonyesha ndogo kuliko ilivyo kweli.

Siku hiyohiyo pima presha ya damu ukiwa umeketi na kutulia, kisha toa presha ya jicho kwenye namba ya chini ya presha ya damu. Mwenye 120/80 na presha ya jicho 16 hubaki na 64. Mwenye 95/55 na 16 ileile hubaki na 39 tu. Hesabu hii, ambayo kwa maoni yangu haifanywi vya kutosha, hukadiria nguvu inayosukuma damu hadi kwenye neva ya jicho. Ikiwa ndogo, hatari ya glakoma, ugonjwa unaoharibu neva hiyo, huongezeka, na ndiyo sababu mojawapo ya watu wengine kupoteza uoni ilhali presha ya jicho haijavuka 21.

Mweleze daktari wa macho vidonge vyako vya presha na saa unazovimeza, hasa vya usiku, wakati ambapo presha ya damu hushuka yenyewe. Naye anayekutibu presha ya damu ajue matone yako ya macho: timolol, dawa mojawapo ya matone ya kushusha presha ya jicho, huingia kwenye damu, hupunguza mapigo ya moyo, na huweza kumbana mwenye pumu. Usiache wala kuongeza dawa yoyote kwa hesabu ya nyumbani.