Vidonge vya chunusi za homoni: namna ya kuanza na namna ya kusubiri

Kama chunusi zako zinakaa kidevuni, pembeni mwa taya na kushuka shingoni, na kama zinafumka siku chache kabla ya hedhi kisha zinapoa ikiisha, andiko hili ni lako. Zangu zilianza nikiwa nimevuka miaka thelathini, baada ya mtoto wa pili. Ni vinundu vilivyozama ndani, havina kichwa cha kukamua, vinauma hata ukilaza shavu kwenye mto. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kumpima mtu bega na kifua ni lazima msimame uso kwa uso, na kila mteja alikuwa na dawa ya kunielekeza: liwa, limau, sabuni ya mche.

Kilichonisaidia ni vidonge vya spironolaktoni. Wanaonijua wa zamani huniuliza nilikunywa nini, nami nimeona kuwa jina la dawa peke yake halimfai mtu. Kidonge hiki hakishughuliki na chunusi uliyoiona leo kwenye kioo. Kinazifuata zile ambazo zingekuja miezi mitatu ijayo. Mwenye kuanza bila kulijua hilo hukata tamaa wiki ya nne na kurudi kwenye tyubu za dukani.

Kabla ya kumeza chochote

Weka kalenda. Andika siku hedhi ilipoanza, na kila kinundu kipya kilipotokea, pamoja na mahali pake. Ukifanya hivyo kwa mizunguko miwili au mitatu, utakuwa na kitu cha kumwonyesha daktari, naye atakielewa haraka kuliko maelezo ya mdomo.

Kisha angalia unachopaka. Dada zangu, hapa nawasihi tusifichane. Mkorogo na tyubu nyingi za "kung'arisha" huwa na steroidi kali, mara betamethasoni, mara klobetasoli, na steroidi zenyewe huleta chunusi. Mara nyingi huwa ndogo ndogo, zinafanana, zimeenea kote ulikopaka, na ukiacha ghafla zinafumka zaidi. Hizo hazitaponywa na kidonge cha homoni. Beba tyubu na makopo yako yote kwenye mfuko mmoja, yaweke mezani kwa daktari, usione haya. Chunusi zikiwa zimejipanga kwenye paji la uso, karibu na nywele, shuku kwanza mafuta ya nywele.

La tatu ni uzazi wa mpango. Sindano na kijiti havina homoni ya estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake huchochea chunusi. Mimi nilikuwa natumia sindano. Usiache wala kung'oa kwa uamuzi wako mwenyewe, maana mimba usiyoitarajia ni jambo zito kuliko chunusi. Lizungumze kliniki. Mimi nilihamia kwenye kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni yoyote, na baadaye nikaona kinaendana vizuri sana na spironolaktoni.

Ukiwa na nywele nene zinazoota kidevuni au kifuani, hedhi inayoruka miezi, nywele za utosini zinazopungua, au umetafuta mtoto kwa muda mrefu bila kupata, yataje yote kwa pamoja. Daktari atafikiria PCOS, yaani tatizo la homoni linalogusa ovari na hedhi, atapima homoni kwenye damu na huenda akakutuma ultrasaundi. Mimi sikuwa na dalili hizo. Daktari alinieleza kuwa wanawake wengi wenye chunusi za aina hii wana kiwango cha kawaida kabisa cha homoni. Sote tuna androjeni kidogo, ile jamii ya testosteroni. Kwa wengine vitezi vya mafuta vya ngozi vinaiitikia kupita kiasi, vinatoa mafuta mengi, kinyweleo kinaziba na kuvimba kwa ndani. Nilifarijika kusikia hivyo. Miaka yote nilikuwa naambiwa sioshi uso.

Daktari wa ngozi usimkatie tamaa kwa sababu uko mbali na Dar. Kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kuna RDTC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, na wataalamu waliosomea pale wamesambaa mikoani. Nenda hospitali ya mkoa wako, uliza kliniki ya ngozi ni siku gani.

Vidonge vyenyewe

Doksisaiklini ndiyo wengi wetu huanza nayo. Ni antibayotiki, inatuliza uvimbe, lakini homoni haiigusi. Nilipoacha, chunusi zilirudi. Hairuhusiwi kuwa dawa ya mwaka mzima. Kwa kawaida ni miezi mitatu hivi, tena pamoja na jeli ya benzoili peroksidi ili vijidudu visijenge usugu. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, wala usilale hapo hapo, kwa sababu ikikwama inachoma koo la chakula. Maziwa, vidonge vya damu vyenye madini ya chuma na dawa za kiungulia huzuia isifyonzwe, kwa hiyo viachanishe kwa saa kadhaa. Jua nalo litakuunguza upesi. Mjamzito asiitumie.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, ni njia nzuri kwa mwanamke ambaye tayari anataka kupanga uzazi. Estrojeni hupunguza testosteroni iliyo huru kwenye damu. Si kila mtu anaruhusiwa. Mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimuliko machoni, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, na mama aliyejifungua karibuni, wote watafutiwe njia nyingine. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aseme mapema, kwa sababu inapunguza nguvu ya majira. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, usisubiri kesho.

Isotretinoini ni ya chunusi kali, hasa zinazoacha makovu. Wifi yangu aliitumia Arusha na uso wake ukasafishika kabisa, lakini midomo ilipasuka kila siku na alipimwa damu kuangalia ini na mafuta. Inamezwa na chakula chenye mafuta. Dawa hii inaharibu mimba vibaya sana: kipimo cha mimba kabla ya kuanza, uzazi wa mpango wa uhakika muda wote, na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Usimgawie shoga yako hata kidonge kimoja, na usichangie damu wakati unaitumia.

Spironolaktoni, kwa urefu

Nilipopeleka cheti famasi, muuzaji aliniangalia akauliza, "Dada, unaumwa moyo?" Swali lake lilikuwa la haki. Kidonge hiki kimetumika miaka mingi kwa presha, moyo uliochoka na mwili kujaa maji. Kinatoa maji kwa njia ya mkojo. Kazi yake ya pili ni kuziba mahali ambapo androjeni ingejishika kwenye ngozi, na hiyo ndiyo tunayoifuata sisi. Kwenye karatasi ya ndani ya boksi hutakuta neno chunusi. Usishtuke, madaktari wa ngozi huiandika kwa wanawake. Wanaume hawapewi kwa ajili ya chunusi, kwa sababu inaweza kuwaotesha matiti.

Kabla ya kunipa, daktari aliniuliza kuhusu figo, moyo, dawa za presha na mimba, kisha akanipima damu: potasiamu, na kreatinini inayoonyesha kazi ya figo. Nilipimwa tena kipimo cha dawa kilipopandishwa. Mwanamke kijana mwenye afya huenda asirudiwe mara kwa mara. Mwenye umri mkubwa zaidi, mwenye tatizo la figo au anayetumia dawa za presha kama enalapril au losartan anahitaji uangalizi wa karibu au dawa nyingine kabisa. Mimba ni katazo lisilo na mjadala: kwa kuwa dawa inazuia homoni za kiume, inaweza kuvuruga ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni. Ukitaka kuzaa, acha kwanza, na mwulize daktari uanze lini kutafuta.

Nilianza na miligramu 50 asubuhi, baadaye 100. Usinakili kipimo changu, nakitaja ili ujue unachoweza kusikia. Kimeze baada ya chai, usikimeze usiku, la sivyo utaamka kila saa. Siku ya safari nilikuwa nakichelewesha mpaka nifike, kwani kutoka Tanga hadi Dar basi halisimami unapotaka wewe, na kati ya Segera na Msata utateseka. Mwezi wa Ramadhani nilimwuliza daktari, tukahamishia wakati wa futari. Ukimeza daku, maji yanakutoka mchana wa jua kali na huna ruhusa ya kuyarudisha.

Sasa madafu. Spironolaktoni huzuia potasiamu isitoke mwilini, na ikizidi sana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dafu moja kubwa linaweza kuwa na potasiamu kuliko ndizi mbivu. Kwa mtu mwenye figo nzima chakula cha kawaida hakina shida: ndizi yako kula, mchicha kula. Nilichoambiwa niache ni ile tabia ya watu wa pwani ya kunywa madafu mawili matatu kila jioni, pamoja na chumvi mbadala wanazouziwa wagonjwa wa presha, kwa sababu nyingi ni potasiamu tupu.

Kuna hatari kubwa kuliko madafu, na watu hawaijui: Septrin. Tumezoea kuinunua kwa kuharisha au mkojo kuchoma. Ndani yake kuna trimethoprim, ambayo nayo hupandisha potasiamu, na zikikutana na spironolaktoni hali inaweza kuwa mbaya. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kila mara nazo huzielemea figo. Kwa maumivu ya hedhi mimi nashika panadol. Kila uingiapo famasi, hata kwa dawa ya mafua, sema unatumia spironolaktoni.

Miezi ya kusubiri

Mwezi wa kwanza utauona mkojo, huenda na kizunguzungu unaponyanyuka ghafla, matiti kuuma, na matone ya damu katikati ya mwezi. Usoni hutaona kitu. Mwezi wa pili nilichokiona ni mafuta: saa sita mchana, joto la chumba cha cherehani likiwa juu, pua haikung'aa kama zamani. Mwezi wa tatu ile wiki ya kabla ya hedhi ilikuja na vinundu vichache, vidogo, vilivyoondoka mapema. Kufikia mwezi wa sita shingo ilikuwa laini.

Sikuwa peke yangu katika mwendo huo. Uingereza na Wales walifanya utafiti wa wanawake 410, matokeo yakachapishwa 2023. Nusu walipewa spironolaktoni, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 12 tofauti ilikuwepo, lakini ilionekana wazi zaidi wiki ya 24. Kwa hiyo usitoe hukumu kabla ya miezi mitatu, na ukiona dalili njema mpe daktari nafasi ya kukufikisha sita.

Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lile lile, saa ile ile, bila mwanga wa simu. Kioo cha kila asubuhi hakikuonyeshi mabadiliko ya polepole.

Usiku nilipaka jeli ya adapaleni yenye benzoili peroksidi, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Hii ni kwa idhini ya daktari, na wajawazito waiache. Neno la fundi: benzoili peroksidi inachujua rangi ya kitambaa. Lalia foronya nyeupe, nawa mikono kabla ya kugusa kanga au kitenge cha mtu.

Madoa meusi hayaondolewi na kidonge. Ngozi zetu nyeusi hubaki na alama kila palipovimba, na alama hizo huisha polepole mradi vinundu vipya visije. Losheni ya kuzuia jua kila asubuhi husaidia, na ipo asidi ya azelaiki unayoweza kumwulizia daktari. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye mkorogo, uso ukiwa tayari umeanza kupona, na inaniuma kila nikiona.

Misuli ikilegea isivyo kawaida, moyo ukidunda ovyo au ukizimia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiharisha au kutapika sana, simamisha kidonge na umpigie daktari kabla ya kuendelea. Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza.

Dawa hii haifuti tatizo moja kwa moja. Kwa wengi chunusi hurudi baada ya kuacha, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Daktari wangu hakuniachisha kwa mkupuo. Amenirudisha miligramu 50, jeli naendelea nayo, na kalenda bado naijaza. Wiki ya kabla ya hedhi ikipita miezi kadhaa bila kinundu, tutajaribu 25.