Somo: Kuweka ruhusa yako mwenyewe ili programu mbili za Android zipeane data

Swali hili nimelijibu mara nyingi, kila mara kipande kipande, kwa hiyo leo ninaziandika hatua zote pamoja. Programu A inahifadhi data, na programu B inataka kuisoma.

Hatua ya 1. Katika AndroidManifest.xml ya A (faili linaloieleza Android kuhusu programu), tangaza ruhusa kwa tagi ya permission, kwa jina linaloanza na jina la kifurushi chako, kama com.mfano.a.SOMA_DATA.

Hatua ya 2. Katika tangazo hilohilo andika android:protectionLevel="signature", yaani ruhusa ipewe tu programu iliyosainiwa kwa ufunguo uleule wa A. Hapa ndipo nilipokosea. Niliiacha sifa hiyo nikidhani kuwa kutangaza ruhusa kunatosha, kumbe isipoandikwa Android huichukulia ruhusa kuwa ya kiwango cha normal, ambayo programu yoyote ikiiomba hupewa inaposakinishwa, bila mtumiaji kuulizwa. Kilichonichelewesha kugundua ni kwamba A na B zilikuwa zikielewana vizuri kabisa. Kosa hili halionekani mpaka ujaribu kwa programu ya tatu, iliyosainiwa kwa ufunguo mwingine, ambayo inapaswa kukataliwa kwa SecurityException. Kagua pia tahajia: ruhusa unayoidai bila kuitangaza inaweza kutangazwa na programu ya mtu mwingine, kwa kiwango anachokitaka yeye.

Hatua ya 3. Kwenye tagi ya provider ya A (sehemu inayotoa data kwa programu nyingine) weka exported="true", readPermission na writePermission. Ukiweka readPermission peke yake, umefunga kusoma na kuacha kuandika wazi kwa kila programu.

Hatua ya 4. Katika B weka uses-permission yenye jina lilelile. Ikiwa B inalenga Android 11 au zaidi, ongeza na tagi ya queries inayotaja authority ya A (jina linaloitambulisha provider yake).

Hatua ya 5. Saini programu zote mbili kwa ufunguo mmoja.

Swali: Haifanyi kazi, nisaidie.

Jibu: Andika ujumbe wa kosa unaoupata. Bila huo sina pa kuanzia.

Swali: Nimefuata hatua zote, lakini B aliyoijenga mwenzangu kwenye kompyuta yake inakataliwa. Somo lina kasoro.

Jibu: Hatua ya 5 hukuifuata. Kila kompyuta hujitengenezea ufunguo wake wa majaribio, kwa hiyo saini zenu hazifanani. Tumieni ufunguo mmoja.

Swali: Samahani ndugu, je, B ikiwa ya timu nyingine ambayo haiwezi kupewa ufunguo wetu?

Jibu: Nashukuru kwa swali hili. Kuanzia Android 12 unaweza kuandika signature|knownSigner, kisha kwenye sifa ya knownCerts ukaorodhesha alama za SHA-256 za vyeti vya timu hiyo. Na kama mnachopeana ni faili moja moja tu, huhitaji ruhusa mpya: tumia FileProvider (provider iliyo tayari ya kupeana faili) pamoja na FLAG_GRANT_READ_URI_PERMISSION, ambayo humfungulia mpokeaji faili hilo tu, kwa muda.

Swali: Nitajuaje kama B imepewa ruhusa kweli?

Jibu: Kwa adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, endesha adb shell dumpsys package com.mfano.b, kisha utafute jina la ruhusa yako na granted=true mbele yake.