Bunduki ya .22 kwa kijana anayeanza, pamoja na darubini yake, kwa dola 500

Kwa mzazi anayeishi Marekani ambaye kijana wake ameingia kwenye kikundi cha kulenga shabaha cha 4-H (shirika la vijana), au anajiandaa na kozi ya uwindaji ya jimbo, bunduki ya kuanzia ni ya risasi ndogo iitwayo .22 Long Rifle. Teke lake halisumbui bega, mlio wake ni mdogo kuliko wa bunduki kubwa za kuwindia, na risasi moja hugharimu senti 7 hadi 12 hivi. Hilo la teke si dogo. Kijana anayeogopa teke hufumba macho na kuikwanyua triga, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni kazi kuing'oa. Usivutwe na .22 Magnum wala .17 HMR: ni bunduki nzuri, lakini risasi zake ni ghali zaidi, na mwanafunzi anahitaji kupiga nyingi.

Sheria kabla ya duka. Kwa sheria ya serikali kuu, duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bunduki ndefu mtu aliye chini ya miaka 18. Mnunuzi ni mzazi: yeye ndiye anayejaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, na kukaguliwa rekodi zake. Kumpa mwanao zawadi uliyoinunua kwa pesa zako kunaruhusiwa, lakini kumnunulia mtu mwingine aliyekukabidhi pesa ni kosa zito. Mwenye green card anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuwa nayo, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Asiye raia alichukulie hili kwa uzito wote, maana kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini. Kila jimbo nalo lina yake. Illinois, kwa mfano, inadai kwanza kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha. Na nyumbani bunduki hukaa imefungwa kwa kufuli bila risasi ndani, risasi zikiwa mahali pengine penye kufuli, na ufunguo anao mzazi peke yake. Nunua sefu au kabati la chuma kabla ya bunduki kuingia nyumbani, kwa fungu lingine, nje ya zile 500.

Aina ya kuchagua ni ya bolti, ile ambayo kila baada ya risasi moja mpigaji huinua mpini, huvuta nyuma, na kusukuma mbele. Ruger 10/22, inayojipakia yenyewe na iliyopo sokoni tangu 1964, ni bunduki ya kuaminika sana, lakini kwa anayeanza ina kasoro moja: akishapiga, risasi nyingine imekwisha ingia chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) kabla hajajua alipopiga ya kwanza. Bolti humlazimisha atulie. Pia mzazi aliyesimama pembeni anaona kwa jicho kama chemba iko wazi. Kwenye bei ya chini, Savage Mark II ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu zile zenye AccuTrigger zina triga inayorekebishika, laini kuliko kawaida ya bunduki za bei hiyo. Ruger American Rimfire hupanda bei kidogo, ila inatumia magazini (kasha la risasi) ileile ya 10/22 na ina toleo fupi. Savage Rascal, ya risasi moja moja, ni ya mtoto mdogo. Kijana wa miaka 14 ataizidi upesi.

Kinachoharibu zaidi ni kipimo cha kitako, na wanunuzi wengi hawakipimi kabisa. Hakikisha kwanza chemba ni tupu na mdomo wa mtutu unaelekea palipo salama. Kijana akunje mkono nyuzi 90, kitako kikae kwenye kunjo la kiwiko. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kujinyoosha. Vitako vya watu wazima huwa inchi 13.5 hadi 13.75 kutoka triga hadi mwisho. Vya vijana ni karibu 12.5. Kitako kirefu humfanya aegemee nyuma, kiuno kikitangulia mbele, na mkono wa mbele huchoka baada ya risasi chache. Hapo shabaha hutawanyika na lawama huangukia darubini. Ukichagua toleo fupi kwa kijana anayerefuka, uliza kama kitako chake kinaweza kuongezwa vipande au kubadilishwa na kirefu. Uzito wa paundi 5 hadi 6 unamtosha. Ukienda kwenye mtutu mnene wa mashindano, hataweza kupiga akiwa amesimama.

Sasa darubini. Kosa la kawaida ni kuchukua darubini ya bunduki kubwa iliyokuwa imelala kabatini. Tatizo lake ni paralaksi: jicho likisogea kidogo nyuma ya kioo, msalaba nao unaonekana kuhama juu ya shabaha, ijapokuwa bunduki haijatikisika. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100, za .22 hurekebishwa kwa yadi 50 au 60, kwenye umbali ambao kijana atapigia hasa. Anayeanza bado hajui kuweka shavu mahali pamoja kila mara, kwa hiyo ndiye anayeumizwa zaidi na paralaksi. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya rimfire (jamii ya risasi ambayo .22 imo), yenye ukuzaji wa 2 hadi 7 au 3 hadi 9. Vortex Crossfire II ya 2-7x32 (ukuzaji wa 2 hadi 7, lenzi ya mbele ya milimita 32), toleo la rimfire, ni chaguo zuri kama pesa inafika. Simmons 22 Mag ya 3-9x32 ni ya bei ya chini kabisa ninayoweza kuipendekeza. Ukuzaji wa 12 au 16 haumsaidii: unamwonyesha mtetemo wa mikono yake tu, naye huanza kuiwinda nukta na kukwanyua triga inapopita.

Angalia bunduki inapokea pete gani, yaani vibano vya kushikia darubini, kabla ya kulipa. .22 nyingi zina mfereji wa inchi 3/8 juu yake, nyingine zina vishikizo vya Weaver, na pete za kimoja hazikai kwenye kingine. Chukua pete za chini kadiri lenzi ya mbele isivyogusa mtutu. Pete ndefu huinua darubini hadi shavu linaacha kitako na kidevu ndicho kinachoegemea. Fungia kwa mpangilio huu: weka darubini bila kukaza, zungusha ukuzaji hadi mwisho, kijana afumbe macho, aweke shavu, kisha afumbue. Akiona kivuli cheusi pembeni, sogeza darubini mbele au nyuma hadi duara lijae mwanga. Nyoosha msalaba usiegemee upande. Kaza skrubu za pete kwa kupokezana, hii kidogo na ile kidogo, kufikia kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi paundi-inchi 15 hadi 18. Ukikaza kwa nguvu ya mkono wote utaminya bomba la darubini, ukilegeza, itateleza.

Kusawazisha anza yadi 25, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga. Piga 5 ukilenga palepale bila kubadilisha kitu, halafu pima kutoka katikati ya kundi la matundu. Kliki moja, yaani hatua moja ya kirekebishi cha darubini, kwa darubini nyingi ni inchi 1/4 kwa yadi 100, kwa hiyo yadi 25 ni 1/16 na yadi 50 ni 1/8. Kundi likiwa inchi 2 chini na 1 kulia, kwa yadi 25 zungusha kliki 32 juu na 16 kushoto. Kisha nenda yadi 50 umalizie hapo. Risasi ya kasi ya kawaida iliyosawazishwa kwa yadi 50 hushuka inchi 6 hadi 7 kwa yadi 100. Kijana ajue hilo asije akadhani darubini imeharibika. Kundi likihama lenyewe baada ya wiki, kagua skrubu za pete, kisha zile zinazoshika kitako, kabla ya kugusa kliki.

Kuhusu risasi, kila .22 ina ladha yake. Nunua pakiti ya 50 ya aina nne au tano, mojawapo ikiwa CCI Standard Velocity ya futi 1,070 kwa sekunde, ujaribu zote kwa yadi 50, ndipo ununue nyingi za ile inayokusanya vizuri. Gawa dola 500 hivi: bunduki 280, darubini 100, pete 25, vizibio vya masikio na miwani 40, risasi 55. Bei zikipanda, punguza kwenye darubini kabla hujapunguza kwenye risasi.

Baruti ya kuwashia ya rimfire imo ndani ya ukingo wa ganda, na mara moja moja haikuenea sawasawa. Ikigoma, bunduki iendelee kuelekea shabaha kwa sekunde 30, kisha bolti ifunguliwe. Ikitoa mlio mdogo usio wa kawaida, acha kabisa: risasi inaweza kuwa imekwama mtutuni, na ya pili nyuma yake inaweza kuupasua. Toa bolti, chungulia mtutu kutoka nyuma. Risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya maili moja na hudunda juu ya maji na mawe, kwa hiyo nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, si vichaka. Risasi zake nyingi ni za madini ya risasi matupu. Kijana anawe mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake.