Dakika tano kabla hujawasha gari asubuhi

Usisubiri siku ya sevisi ndo ufungue boneti. Asubuhi gari ikiwa ya baridi na imepaki sehemu tambarare, chukua kitambaa kikuukuu na tochi ya simu uangalie mwenyewe, wala haihitaji ufundi.

Anza na oili. Vuta stiki ya kupimia, ifute, irudishe mpaka mwisho halafu itoe tena ndo usome, ile ya kwanza inadanganya. Iwe kati ya zile alama mbili, ikikaribia ya chini ongeza kidogo kidogo huku unapima, gari nyingi ndogo kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja tu, usimimine galoni zima, ikizidi inatoa povu. Weusi peke yake usikutishe, ila ukiikuta imekuwa kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, usiwashe, ita fundi.

Sasa rejeta, na hapa ndo tunaua injini nyingi. Mimi nilikuwa na Toyota IST, chupa ya akiba inashuka naongeza maji ya bomba, inashuka naongeza, mwezi mzima, sikujiuliza hata siku moja yanaenda wapi. Siku naenda Iringa, katikati ya mlima Kitonga, taa nyekundu ya joto ikawaka, nikasimama pembeni malori yananipita na mvuke unatoka. Kumbe wota pampu inavuja kitone kidogo kinachokaukia hukohuko kwenye injini, ndo maana nilipokuwa napaki sikuwahi kuona hata unyevu chini. Gesketi ya silinda hedi nayo ikaenda.

Kwa hiyo chupa ikae kati ya LOW na FULL, na ikishuka kila wiki usiongeze tu, tafuta panapovuja. Tumia kulanti, yale maji maalumu ya rangi ya rejeta, kwanza inazuia kutu, pili ikivuja inaacha doa la rangi kwenye mipira na kwenye pampu, unaliona kwa tochi, maji matupu yangekauka yakapotea. Ukikwama njiani weka maji yakufikishe, ila baadae yamwagwe yote uweke kulanti. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto hata kama una haraka ya kufa, utaungua uso.

Mafuta ya breki yanataka akili hiyohiyo. Yakishuka taratibu mara nyingi ni pedi zimelika, kwa hiyo angalia pedi kwanza, na yakishuka ghafla gari isitoke, kuna panapovuja.

Gia ya otomatiki yenye stiki ya kupimia mafuta yake, Toyota nyingi unapima injini ikiwa inawaka na imeshapata moto, lever ipo P. Hidroliki, yaani hayo mafuta ya gia, weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, fundi akikwambia "zote sawa tu" mshukuru uondoke, hasa kama gari yako ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kubadilika moja moja. Chupa ya hidroliki ya stelingi usipoiona usihangaike, stelingi nyingi siku hizi ni za umeme.

Betri ikiota unga mweupe kwenye vichwa, safisha kisha kaza. Tairi zipime kabla hujaendesha, upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko pale mlango wa dereva, na spea nayo itoe uipime.