Injini Inayotetemeka Gari Likiwa Limesimama: Namna ya Kubaini Kama Tatizo Limo Katika VVT

Injini inayotetemeka gari likiwa limesimama, kisha ikatulia mara tu dereva anapokanyaga mafuta, inampa fundi makini dalili yenye uzito. Sababu zinazoweza kuleta hali hiyo ni nyingi, kuanzia plagi iliyochoka hadi hewa inayopenya kwenye mpira uliopasuka. Hata hivyo, iwapo injini ina mfumo wa VVT, yaani mfumo unaobadilisha majira ya kufunguka na kufungwa kwa vali kadiri mwendo na mzigo unavyobadilika, mfumo huo nao hauna budi kuchunguzwa. Maelezo haya yanahusu mifumo inayoendeshwa kwa presha ya oili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi. Mifumo inayotumia mota ya umeme ina vipimo vyake, na jaribio la kuipa umeme wa betri moja kwa moja, litakaloelezwa baadaye, halipaswi kufanywa juu yake.

Kompyuta ya injini hutuma umeme kwenye solenoidi ya VVT (vali inayoendeshwa kwa umeme), nayo husogeza kijiti chenye mifereji kinachoelekeza oili kwenye chumba kimoja au kingine ndani ya gia iliyofungwa kwenye ncha ya kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali. Oili ikiingia upande mmoja, kamshafti huwahi. Ikiingia upande wa pili, huchelewa. Injini inapozunguka taratibu, mara nyingi kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika, kamshafti ya vali za kuingizia hewa katika injini nyingi huachwa ikiwa imechelewa kabisa, na pini ndogo yenye springi huifunga gia katika nafasi hiyo. Shabaha ni kufupisha kipindi ambacho vali ya kuingizia na ya kutolea ziko wazi kwa pamoja. Kamshafti hiyo ikikwama katika hali ya kuwahi, kipindi hicho hurefuka, moshi uliokwisha kuungua hurudi kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na kujichanganya na hewa mpya, na kinachobaki ndani ya silinda hakiungui sawasawa. Katika mizunguko ya kati kuwahi huko ndiko kunakotakiwa, ndiyo maana mtetemo hupotea. Kwa kamshafti ya vali za kutolea mambo hugeuka: kwa kawaida hupumzika ikiwa imewahi, na mtetemo huja inapobaki imechelewa. Kwa hiyo mwenye gari linalotetemeka tu likiwa limesimama, akiambiwa kwamba kamshafti ya kuingizia imekwama kwa kuchelewa, ana haki ya kuuliza maswali zaidi, kwa sababu kosa hilo kwa kawaida huondoa nguvu ya injini bila kuisumbua inapounguruma taratibu.

Kutenganisha VVT na sababu nyingine

Kosa la VVT huathiri silinda zote zinazohudumiwa na kamshafti husika, hivyo hesabu ya silinda zinazomisi (zisizounguza mafuta ipasavyo), kama kifaa cha kusomea kompyuta kinaionyesha, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Silinda moja ikiwa ndiyo yenye tatizo muda wote, tafuta plagi, koili, nozeli au kompresheni kabla ya kuigusa VVT. Kwenye injini ya V, yenye silinda pande mbili, kumisi kwa upande mmoja wote huongeza shaka juu ya kamshafti ya upande huo.

Hewa inayovuja baada ya throto (mlango unaodhibiti hewa inayoingia kwenye injini) huiga dalili hii vizuri zaidi, lakini ina alama yake. Katika injini inayopima hewa kwa sensa iliyo kabla ya throto, marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta hupanda sana upande wa kuongeza injini inapozunguka taratibu, kisha hushuka unapoipandisha hadi mizunguko 2,500 hivi. Vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi ni ngumu zaidi kuitofautisha, kwa kuwa nayo huingiza moshi kwenye hewa mpya, kwa hiyo hakikisha kwamba imefunga kabisa kabla ya kuendelea.

Oili kwanza

Mtu anayenunua gia mpya kabla ya kuchomoa kijiti cha kupimia oili anatupa fedha. Mfumo mzima ni wa haidroliki: oili ikipungua, ikiwa nzito au nyepesi kuliko ilivyoelekezwa na mtengenezaji, au ikigeuka kuwa tope, kijiti cha solenoidi hukwama na gia hujibu kwa uvivu. Pima kiwango gari likiwa mahali tambarare, thibitisha daraja la oili kwenye kitabu cha gari, na uangalie ndani ya mfuniko wa kujazia kama kuna utando mweusi. Oili ikiwa na shaka, ibadilishe pamoja na filta yake, kisha uendeshe gari na kupima tena kabla ya kufungua chochote.

Zingatia pia wakati ambapo mtetemo unatokea. Injini inayotetemeka kwa sekunde chache tu baada ya gari kusimama kutoka kwenye mwendo, kisha ikatulia yenyewe, mara nyingi ina gia au solenoidi inayorudi polepole kwa sababu ya uchafu. Inayotetemeka tangu inapowashwa ikiwa baridi, wakati ambapo kompyuta nyingi bado hazijaanza kuitumia VVT, huenda imekwama kimitambo. Mlio wa kugongagonga kwa sekunde moja au mbili wakati wa kuwasha huelekeza kwenye pini ya kufungia iliyolika, au kwenye cheni iliyolegea.

Kusoma kodi na takwimu

Kodi ni alama ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta. Kodi P0011 maana yake ni kwamba kamshafti ya kuingizia ya upande wa kwanza (wenye silinda namba moja) imewahi kupita kiasi, na P0012 kwamba imechelewa kupita kiasi. P0014 na P0015 ni hali hizo hizo kwa kamshafti ya kutolea. P0010 huhusu saketi ya umeme ya solenoidi, kwa hiyo hapo anza na waya na plagi yake. P0016 ni ya aina nyingine, kwani inasema kwamba kamshafti na krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) hazilingani, na huleta shaka juu ya cheni iliyorefuka au kuruka meno, gia isiyorudi mahali pake, au sensa. Hakuna hata moja kati ya kodi hizi inayotaja kipuri cha kununua.

Injini ikiwa imepata moto, fungua takwimu za moja kwa moja na ulinganishe pembe ambayo kompyuta inaiagiza na pembe halisi ya kamshafti. Kama agizo ni sifuri na pembe halisi inabaki nyuzi 15 au 20, kamshafti imekwama na umeshapata upande wa kuchimba. Kama zinalingana na zote ziko kwenye nafasi ya kupumzika, VVT huenda haina hatia. Presha ya manifodi nayo husaidia: injini nzima iliyopata moto, katika usawa wa bahari, kwa kawaida huwa kati ya kPa 30 na 40 inapozunguka taratibu, na kamshafti ya kuingizia iliyowahi huipandisha.

Kuijaribu solenoidi na gia

Chomoa plagi ya solenoidi injini ikiunguruma taratibu. Ikitulia papo hapo, tatizo limo katika agizo la kompyuta au waya, kwa kuwa solenoidi ilikuwa ikipewa umeme usiotakiwa. Isipobadilika, ipe solenoidi yenye waya mbili umeme wa volti 12 kwa sekunde chache tu, kwa kutumia waya wenye fyuzi, iwapo mwongozo wa mtengenezaji unaruhusu. Injini ikiwa shwari wakati huo, inapaswa kutetemeka au hata kuzima, kisha kutulia umeme unapoondolewa. Jaribio hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linapima solenoidi, mfereji wa oili na gia kwa pamoja. Isipobadilika kabisa, ama oili haifiki au gia haisogei. Ikitetemeka na kukataa kurudi, kitu kimekwama.

Ifungue solenoidi na upime ukinzani wake. Nyingi huwa kati ya omu 6 na 14, lakini kipimo cha mtengenezaji ndicho cha kufuata. Ipe umeme mezani na uangalie kijiti kikitoka chote na kurudi chote bila kusita. Safisha au ubadilishe filta ndogo ya wavu ambayo baadhi ya injini huwa nayo kwenye mfereji wa oili, na upake oili kwenye oringi kabla ya kurudisha. Solenoidi ikiwa nzima na wavu ukiwa safi, pima presha ya oili kwa geji ya mkono. Ni presha ikiwa nzuri tu ndipo kufungua mfuniko wa vali na kukagua gia pamoja na alama za taimingi kunapokuwa na sababu.

Baada ya matengenezo, futa kodi, ipashe injini moto, kisha endesha na kusimama mara kadhaa ukitazama pembe halisi ikirudi kwenye nafasi ya kupumzika kila mzunguko unaposhuka. Solenoidi iliyosafishwa ikikwama tena baada ya muda mfupi, tope bado limo ndani ya injini, na solenoidi mpya nayo itakwama vivyo hivyo mpaka oili ibadilishwe mara mbili au tatu kwa vipindi vifupi.