Hb baadaye, nyutrofili kwanza

Vijana wanaokuja kujifunza kazi maabara kwetu Chake Chake, karatasi ya damu wakiishika tu, macho kwenye Hb (himoglobini, kipimo cha wekundu wa damu). Ikiwa 5, hapana wanachoona tena. Hb 5 tutaiongezea damu. Kwenye anemia ya aplastiki, yaani uboho (ute wa ndani ya mifupa) kushindwa kutengeneza seli za damu, hatari kubwa ni maambukizi na kuvuja damu, ndiyo maana Hb haimo kabisa kwenye vigezo vya ukali.

Chukua mfano. Seli nyeupe 1.4 (hesabu ya maelfu kwa mikrolita ya damu), nyutrofili, yaani zile zinazopigana na vijidudu, asilimia 20: zidisha, unapata 0.28. Chembe sahani, zinazogandisha damu, elfu 11. Retikulositi, yaani seli nyekundu changa, umezihesabu kwa hadubini, asilimia 0.5. Usiziandike hivyo ukaondoka! Zidisha kwa seli nyekundu, tuseme milioni 1.8, zinabaki elfu 9 tu.

Vigezo vya daktari Camitta, vilivyoanza mwaka 1976, vinataka mawili kati ya haya: nyutrofili chini ya 0.5, chembe sahani chini ya elfu 20, retikulositi chini ya elfu 20. Juu ya hayo, seli za uboho ziwe chini ya asilimia 25. Huyu wetu ana yote matatu. Uboho ukikubali, ni kali. Nyutrofili zingeshuka chini ya 0.2, tungesema kali sana. Asiyefikia hata kali ni wa wastani, naye arudi kupimwa, maana huteremka.

Bila kupima uboho usilitaje jina la ugonjwa. Saratani ya damu na upungufu wa B12 hutoa karatasi kama hiyo hiyo. Bandama ikiwa kubwa, tafuta ugonjwa mwengine.

Chanzo mara nyingi hakionekani. Kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoushambulia uboho. Hata hivyo uliza: dawa kama kloramfenikoli (ya bakteria) na karbamazepini (ya kifafa), macho kuwa manjano kwa homa ya ini miezi michache nyuma. Mtu wa boti muulize petroli, maana ina benzini, na wenzetu wanaivuta kwa mpira mdomoni.

Mtoto mfupi kuliko wenzake, mtazame vidole gumba na mabaka ya ngozi: huenda ni Fanconi, ya kurithi. Hapo uliza kwa adabu, faragha: “Mama, wewe na baba yake mna udugu?” Kipimo cha kuvunjika kwa kromosomu kitangulie upandikizaji, kwani dozi za kawaida za dawa zake humdhuru mwenye Fanconi. Ndugu anayetaka kumtolea uboho naye apimwe. Anaweza kuwa na Fanconi bila dalili.