Kusambaza programu zenye saini kwenye kompyuta za kampuni, kuanzia cheti hadi tawi la mwisho

Chukua mfano wa kampuni ya kuondoa mizigo bandarini: makao yako Moi Avenue, Mombasa, wengine wako maghala ya Shimanzi na Miritini, kompyuta za Windows ni 40 kwa jumla na zote zimesajiliwa kwenye Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kwa mbali. Kampuni imetengenezewa programu yake ya kufuatilia makontena, Kontena.msi (MSI ni faili la usakinishaji la Windows), nayo inatakiwa ifike kote bila mtu kuzunguka na flashi.

Saini ya kidijitali ni kama lakiri ya kontena. Inaonyesha nani aliyefunga na kwamba njiani hakuna aliyefungua, lakini haisemi kama mzigo wenyewe ni mzima. Ipime programu kwanza hadi uridhike, ndipo uitie saini.

Cheti

Programu ikiwa ni ya matumizi ya ndani tu, cheti kilichotolewa na seva yenu wenyewe (AD CS, huduma ya vyeti ya Windows Server) kinatosha, na hakuna mtu wa kulipwa kila mwaka. Kazi inayobaki ni kuzifundisha kompyuta zote kukiamini. Ikiwa programu itawafikia wateja, nunua cheti cha umma. Tangu tarehe 1 Juni 2023, ufunguo wa siri wa cheti cha namna hiyo ni lazima ukae ndani ya kifaa maalumu, mara nyingi tokeni ya USB, au uhifadhiwe na huduma ya mtandaoni yenye kifaa kama hicho. Ile tabia ya kunakili faili la .pfx (cheti pamoja na ufunguo wake wa siri) kwenye kila mashine haiwezekani tena, na ni afadhali. Kuanzia tarehe 1 Machi 2026 cheti kipya hakizidi siku 460, kwa hivyo weka ukumbusho wa kukiomba upya mapema.

Unapoomba, andika jina la kampuni herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, si kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni. Anayetoa cheti hulilinganisha na rekodi za serikali, na tofauti ndogo yaweza kukurudisha mwanzo.

Kwa cheti cha ndani, cheti cha mzizi kitume kwa wasifu wa cheti cha kuaminika wa Intune, kiingie kwenye hifadhi ya kompyuta ya Trusted Root, yaani orodha ya watoa vyeti wanaoaminiwa. Kama pia mnaendesha skripti za PowerShell chini ya sera ya AllSigned (inayotaka kila skripti iwe na saini), cheti cha kutia saini nacho kiingie Trusted Publishers. La sivyo PowerShell itasimama kumwuliza mtumiaji kama anamwamini mchapishaji, na kwenye usakinishaji wa kimya hakuna wa kumjibu. Njia yake ni sera maalumu ya Intune yenye OMA-URI (anwani ya mpangilio) hii:

./Device/Vendor/MSFT/RootCATrustedCertificates/TrustedPublisher/ALAMA_YA_CHETI/EncodedCertificate

Mahali pa ALAMA_YA_CHETI weka thumbprint, yaani alama ya utambulisho ya cheti. Thamani yake ni cheti kilichogeuzwa kuwa maandishi ya Base64, mstari mmoja mfululizo usiokatwa.

Kutia saini

Mpangilio una maana. Anza na faili za ndani, yaani .exe na .dll zenu, kisha jenga MSI, kisha itie saini MSI yenyewe. Chombo ni signtool ya Microsoft. Ukisaini MSI peke yake, usakinishaji utapita vizuri, lakini Kontena.exe itabaki bila saini kwenye diski, na sera ya kuzuia programu ikiwashwa ndiyo itakayokamatwa.

signtool sign /sha1 ALAMA_YA_CHETI /fd SHA256 /tr http://timestamp.digicert.com /td SHA256 Kontena.msi

Sehemu ya /tr ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Huo ni muhuri wa wakati: seva ya nje inathibitisha kwamba saini ilitiwa cheti kikiwa hai. Ukiwepo, saini inaendelea kukubalika hata cheti kikiisha muda. Usipokuwepo, siku cheti kinapoisha saini zote zilizotiwa kwacho zinaisha nacho, hata kwenye programu ambazo hakuna aliyezigusa kwa mwaka mzima. Ikiwa ukuta wa moto wa ofisi umeizuia seva hiyo, signtool itarudisha kosa. Usiondoe /tr ili amri ipite. Ifungulie njia.

Halafu hakiki:

signtool verify /pa /v Kontena.msi

Bila /pa, signtool hutumia kanuni za kukagua madereva ya Windows, na saini nzima kabisa yaweza kuonekana mbovu. Kwenye majibu, utafute mstari unaosema saini ina muhuri wa wakati, pamoja na tarehe yake. Kwa faili nyingi tumia Get-AuthenticodeSignature ya PowerShell: ikijibu Valid, endelea. NotSigned inajieleza. HashMismatch maana yake faili limebadilishwa baada ya saini, na mara nyingi mkosaji ni fundi mwenyewe aliyeifungua MSI kwa Orca, kihariri cha MSI, ili abadilishe anwani ya seva. Mabadiliko kama hayo yaweke kwenye faili la .mst (faili la mabadiliko linalokaa kando ya MSI), au yapitishe kama vigezo vya msiexec, amri ya Windows ya kusakinisha MSI, na MSI uiache kama ilivyo.

Kufungasha

Kontena.msi itapanda Intune ikiwa ndani ya kifurushi cha .intunewin, na IntuneWinAppUtil ndiyo inayokitengeneza. Tengeneza folda mbili zisizoingiliana, ya chanzo na ya kifurushi kilicho tayari, kwa sababu kila kilichomo kwenye folda ya chanzo huingia kwenye kifurushi, pamoja na takataka zilizosahaulika humo.

IntuneWinAppUtil.exe -c C:\chanzo -s Kontena.msi -o C:\tayari -q

Amri ya kusakinisha:

msiexec /i "Kontena.msi" /qn /norestart /l*v "C:\ProgramData\Kontena.log"

Kabla ya kupandisha chochote, jaribu amri hiyo ukiwa SYSTEM, akaunti ya mfumo wenyewe, si ukiwa msimamizi uliyeingia kwa jina lako. PsExec ya Sysinternals inatosha: psexec -i -s cmd.exe. Intune husakinisha kwa akaunti hiyo, na akaunti hiyo haina diski ya Z: ya mtandao wala haioni mipangilio ya HKCU (sehemu ya rejista ya kila mtumiaji) ya mhasibu aliyeketi pale. Programu nyingi "zinazokataa Intune" zinakwama hapa, na saini haihusiki hata kidogo.

Misimbo ya kurudi iache kama ilivyo: 0 ni sawa, 3010 imefanikiwa lakini mashine inataka kuwashwa upya, 1618 kuna usakinishaji mwingine unaendelea, kwa hivyo itarudiwa. Ukiona 1603, fungua ile logi, utafute maneno "Return value 3", kisha usome mistari iliyo juu yake. Sababu halisi hukaa hapo.

Kanuni ya utambuzi

Hapa pasome pole pole. Baada ya kusakinisha, Intune huangalia kama programu ipo kwa kanuni uliyoiandika wewe. Kanuni ikikosea, programu imekaa sawasawa na watu wanaitumia, huku ripoti ikionyesha 0x87D1041C: imesakinishwa, haikuonekana. Kisha Intune inajaribu tena, na tena.

Sababu mbili ndizo za kawaida. Ya kwanza ni kutumia msimbo wa bidhaa wa MSI ilhali mtengenezaji hubadilisha msimbo huo kwa kila toleo. Basi ukipandisha toleo jipya, badilisha na kanuni. Ya pili ni 32-biti dhidi ya 64-biti. Programu yako ikikaa C:\Program Files na wewe kwenye kanuni umeandika %ProgramFiles% ukachagua kwamba ni ya 32-biti, Intune itaitafuta Program Files (x86). Skripti za utambuzi nazo ukizichagulia ziendeshwe na PowerShell ya 32-biti, rejista inasomwa kutoka WOW6432Node, sehemu ya programu za 32-biti. Kwa MSI ya ndani, utambuzi kwa toleo la faili (Kontena.exe, toleo kubwa kuliko au sawa na 2.4.0.0) ndio unaosumbua kidogo zaidi.

Kueneza

Mashine 3 kwanza, na mojawapo iwe ya mtu anayelalamika haraka. Kisha tawi moja, kisha kote. Piga hesabu ya laini kabla: kifurushi cha MB 400 kwa mashine 30 za Miritini ni GB 12, na kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni saa 2 na dakika 40 hata kama hakuna anayefungua kitu kingine, na wakati huo watu wanataka kupeleka nyaraka za forodha. Washa Delivery Optimization ili mashine za tawi moja zigawiane vipande, na ufungue TCP 7680 baina yao. Kwa mipangilio ya kawaida, mashine yenye RAM chini ya GB 4 haigawii wenzake. Muda wa mwisho uweke jioni, ila uwe na hakika mashine zinabaki zimewaka. Mashine zisizo na UPS zisisakinishiwe usiku, maana stima ikikatika katikati ya msiexec, asubuhi utakuta programu nusu.

Mashine moja ikikwama peke yake, soma AppWorkload.log na IntuneManagementExtension.log kwenye C:\ProgramData\Microsoft\IntuneManagementExtension\Logs. Angalia na saa pia. Kwenye mashine kuukuu betri ya CR2032 ikifa, tarehe inarudi miaka nyuma kila ikizimwa, vyeti vya tovuti vinaonekana bado havijaanza, na mashine haiwasiliani na Intune kabisa. Betri mpya, saa irekebishwe, basi.

Kwa Mac njia ni nyingine: cheti cha Developer ID Installer kwa .pkg iliyojengwa na productbuild, kisha notarytool (kuipeleka Apple ikaguliwe), kisha stapler (kuibandika idhini yake). Kifurushi cha pkgbuild kitupu hukataliwa na amri ya usakinishaji ya MDM (mfumo wa kusimamia vifaa, kama Intune).

Kuzuia zisizo na saini

AppLocker, kizuizi cha programu kilichomo ndani ya Windows, yaweza kuruhusu programu kwa jina la mchapishaji. Ianze kwa kukagua tu, wiki kadhaa, ukisoma tukio 8003 kwenye Event Viewer (kumbukumbu za matukio za Windows) kwa .exe na .dll: hizo ndizo ambazo zingezuiwa. Ukiwasha kabla ya kuisafisha orodha hiyo, tukio litakuwa 8004 na simu yako haitanyamaza. Hakikisha huduma ya Application Identity inaendeshwa, vinginevyo sera ipo lakini haizuii kitu.

Jina la mchapishaji kwenye kanuni huundwa na kampuni, mji, eneo na nchi kama zilivyo kwenye cheti. Unapokiomba upya, lete maelezo yale yale. Cheti cha zamani kikiwa na Mombasa na kipya kikaja na Mombasa County, toleo jipya litazuiwa kote ingawa saini yake ni nzima. Weka kanuni ya pili yenye jina jipya kabla ya kusambaza, na ile ya kwanza uiache hadi toleo la zamani liondoke kwenye mashine zote.